Kipande na Kizima

Mwanadamu hujidanganya katika hesabu ya wakati kuliko katika hesabu ya fedha. Fedha huhesabika kiganjani, na mfuko uliotoboka hujulikana siku ile ile. Lakini saa zikianguka hazitoi sauti. Ushahidi wa neno hili tunao katika nyumba zetu wenyewe, katika jinsi tunavyotazama michezo ya picha. Mtu huambiwa kuwa iko filamu nzuri ya muda wa saa tatu, akatikisa kichwa, akasema hana nafasi. Mtu huyo huyo, usiku ule ule, huketi mbele ya tamthilia ya mfululizo, akatazama sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na adhana ya alfajiri ikamkuta macho. Ukimwuliza kwa nini hakuitazama filamu, atakujibu kuwa ingemchosha.

Nimelitafakari jambo hili kwa mzaha kwanza, kisha kwa dhati, maana nimeliona kwa wanafunzi ninaowafundisha, kwa mama yangu mzazi, na katika nafsi yangu mwenyewe. Katika Kiingereza tabia hii imetungiwa neno, na mwaka 2015 wachapishaji wa kamusi ya Collins walilichagua kuwa neno la mwaka. Sisi hatuna haja ya kutunga. Lugha yetu inacho kitenzi cha kubugia, yaani kujaza kinywa kabla ya kumeza tonge lililotangulia. Nitakitumia hapa bila ya nia ya kumtukana mtu.

Jibu linalotolewa upesi ni kuwa filamu ni ndefu na sehemu ni fupi. Jibu hilo halisimami mbele ya hesabu. Filamu ya Martin Scorsese iitwayo The Irishman, iliyotolewa mwaka 2019, huchukua muda wa saa tatu na dakika 29. Watu wengi waliulalamikia urefu huo. Lakini sehemu nne za tamthilia, kila moja ya dakika 55, huuzidi muda huo, na walalamikaji huzimaliza kwa usiku mmoja bila ya manung'uniko. Filamu hiyo ilipotoka, baadhi ya watazamaji waliigawa vipande vinne, wakaelekezana dakika za kusimama na za kuendelea, nayo ikawa nyepesi kwao. Haikupunguzwa hata dakika moja. Kilichobadilika ni namna ya kuombwa.

Ushahidi wa pili unatoka Uturuki. Tamthilia nyingi za nchi hiyo huonyeshwa kwao mara moja kwa wiki, na sehemu moja mara nyingi huchukua muda wa saa mbili au zaidi, sawa na filamu nzima. Zinapouzwa katika nchi nyingine hukatwa, na sehemu moja ikawa mbili au tatu. Zinapotufikia sisi, zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili, tunazipokea kama vipande vyepesi, wala hatujui kuwa tunakula kwa kijiko kile ambacho wenyewe hukila kwa upawa. Basi urefu si adui wetu. Adui wetu ni kuonyeshwa urefu.

Hapo ndipo ninapoiona sababu ya kwanza, nayo ni ridhaa. Filamu ndefu ni mkataba ulio wazi. Kabla hujaketi hukutajia bei yake yote, nawe ukubali au ukatae kabla ya kuijua tabia yake. Sehemu ya tamthilia haitaji bei ya jumla. Huomba dakika 50 tu, na ikishazila huomba nyingine 50 kwa upole ule ule. Hakuna mtu aliyeridhia kutoa muda wa saa tano. Aliridhia mara sita kutoa kidogo. Kila mwenye duka la mtaani anaielewa hesabu hii. Mteja ambaye hangethubutu kukopa shilingi laki moja kwa mara moja huchukua sukari leo, mafuta kesho, sabuni keshokutwa, na daftari linapofunguliwa mwisho wa mwezi hushangaa kama aliyeibiwa. Wazee wetu wamesema kuwa haba na haba hujaza kibaba, nasi hulitumia neno hilo kusifu uwekaji wa akiba. Lakini kibaba cha deni nacho hujazwa vivyo hivyo. Kwa upande huu wa jambo, methali inayofaa zaidi ni ile isemayo kuwa mchovya asali hachovyi mara moja.

Sababu ya pili ni gharama ya kuingia. Kila filamu ni nyumba ya ugenini. Dakika 20 au 30 za mwanzo ni za kujulishana: huyu ni nani, yule ana kisa gani naye, mji huu una desturi gani. Kazi hiyo ni ya akili, na mtu aliyechoka huiona nzito. Tamthilia hutoza gharama hiyo mara moja tu, katika sehemu ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo mtazamaji huingia kama mwenyeji asiyepiga hodi. Mama yangu ni mjane, na umri wake umepita miaka sabini. Filamu yoyote humletea usingizi kabla ya nusu saa kwisha. Kwa tamthilia ya Kituruki hukaa mpaka saa sita ya usiku, amenyooka kitini kama msichana. Siku moja nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Hawa nawajua, mwanangu. Wale wa filamu, mpaka nijue nani mtoto wa nani, wamekwisha kwenda zao." Sikuona katika vitabu maelezo bora kuliko hayo. Mtu aishiye katika nyumba iliyopungua watu hatafuti wageni wa usiku mmoja, anatafuta majirani.

Sababu ya tatu ni kiu ya jambo lisilokwisha. Mwaka 1927, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Bluma Zeigarnik, aliyesoma Berlin kwa Kurt Lewin, alitangaza uchunguzi ulioonyesha kuwa watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko kazi waliyoimaliza. Watafiti waliomfuata hawakuafikiana wote naye. Lakini mwenzake, Maria Ovsiankina, aliandika mwaka 1928 juu ya jambo lililo karibu zaidi na letu: mtu aliyekatizwa kazi, akiachwa huru, aghalabu huirudia mwenyewe bila ya kuamrishwa wala kuahidiwa malipo. Watungaji wa tamthilia walilijua hilo kwa uzoefu. Katika televisheni za biashara za Marekani, kila kipindi kilikatwa mara kadhaa kwa matangazo, na mwandishi alilazimika kukomesha kila kipande penye shaka, ili mtazamaji asiondoke wakati sabuni inaposifiwa. Filamu ya kawaida humwachia mtu mwisho. Sehemu ya tamthilia humwachia mwanzo wa nyingine.

Labda msomaji atasema kuwa hakuna jipya hapa, na kuwa visa vya kukatizwa ni vya kale. Atakuwa amesema kweli. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad alizuia upanga kwa kukata hadithi alfajiri ilipoingia. Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers kwa vijitabu vya kila mwezi kuanzia mwaka 1836 hadi 1837. Kwetu, mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, na mambo ya uzazi wa majira na ya UKIMWI yakaingia majumbani kwa mlango wa hadithi. Lakini tazama kilicho kati ya kipande na kipande katika mifano hiyo yote. Kwa Shahrazad kulikuwa na mchana mzima. Kwa Dickens kulikuwa na mwezi. Kwa wasikilizaji wa redio kulikuwa na siku kadhaa za kisimani, sokoni na barazani, ambamo watu walimhukumu mlevi wa mchezo, wakamtetea mkewe, wakabashiri la mbele. Hadithi ilitoka redioni kwa nusu saa, lakini ilipikwa vinywani mwa watu kwa siku tatu.

Nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa katika zama zetu. Mwaka 2012 kampuni ya Netflix iliweka utaratibu wa sehemu inayofuata kujianzisha yenyewe baada ya sekunde chache, na tarehe 1 Februari 2013 ikatoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja. Zamani mtu alihitaji kuamua ili aendelee. Sasa anahitaji kuamua ili aache. Vipande vimebaki, lakini mwanya ulio kati ya kipande na kipande umezibwa. Tunachokitazama usiku kucha si hadithi ya vipande tena, kwa maana haina siku ya kungoja. Wala si kitu kizima, kwa maana hakuna aliyekitunga ili kitazamwe kwa kikao kimoja. Ni filamu ya muda wa saa kumi ambayo hatukuombwa kuiridhia.

Marehemu baba yangu alikuwa mtazamaji wa namna nyingine. Alikulia Tanga katika miaka ambayo picha za Kihindi zilitawala sinema za pwani. Picha hizo zilikuwa ndefu. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ni ya takribani saa tatu, na baba aliihesabu kuwa picha bora katika zote alizopata kuona. Wakati ule tikiti ilikuwa gharama kwa kijana, na si kila rafiki yake aliimudu. Basi aliyekwenda alikwenda kwa niaba ya wengi. Jumatatu jioni baba alianza kusimulia barazani; akasimulia na Jumanne, na Jumatano, akikomesha pale alipoona midomo imeachama, na nyimbo akaziimba kwa maneno ya Kihindi ambayo yeye mwenyewe hakuyafahamu. Nao wenzake hawakumwacha alale kabla ya kumwuliza maswali.

Ninapolinganisha mambo, naona kuwa baba naye aliuza vipande. Lakini alivikata kutoka katika kitu kizima ambacho alikuwa amekwisha kukipokea. Alijua mwisho, na kwa sababu hiyo alijua uzito wa mwanzo. Awaara huanza mahakamani: kijana anashitakiwa kwa kutaka kumwua hakimu, na hakimu huyo ni baba yake asiyemjua. Kisa chote kinarudi nyuma kueleza jinsi walivyofika hapo, maana hakimu alikuwa ameshika imani kuwa mwana wa mwizi hawi ila mwizi. Aliyeondoka katikati ameona mwizi tu. Aliyekaa mpaka mwisho analazimika kurudi moyoni mwake mpaka kwenye tukio la kwanza na kuuliza upya ni nani hasa aliyestahili kusimama kizimbani. Baba alinieleza kuwa swali hilo, kama tabia ni ya damu au ya malezi, liligombaniwa barazani kwao kwa muda mrefu baada ya picha yenyewe kuondoka mjini. Huo ndio utajiri wa kitu kizima: mwisho wake unarudi kuugeuza mwanzo. Watungaji wengi wa tamthilia hawawezi kutupa hilo hata wangetaka, kwa sababu wao wenyewe hawaujui mwisho wanapoanza. Misimu huongezwa maadamu watazamaji wapo, na hukatwa wanapopungua.

Hata hivyo sitakuwa mwadilifu nikiishia kulaumu. Mwaka 2017 baba aliugua kwa miezi minane, nasi watoto tukapokezana zamu za usiku kitandani kwake. Ndugu yangu mdogo alileta flashi yenye filamu na tamthilia nyingi. Mimi, kwa kumjua baba, nilitaka kumwekea picha ndefu ya Kihindi. Akakataa kwa mkono. "Nipe kipande," alisema. "Kizima sina hakika nacho." Hakusema kwa huzuni, alisema kama karani anayetaja salio. Usiku wake ulikuwa umegawanyika baina ya dawa ya saa mbili na dawa ya saa nne, baina ya maumivu na usingizi mfupi, na dakika 45 ndicho kipimo alichoweza kukitegemea. Tulimaliza naye kisa kimoja cha upelelezi, sehemu moja kila usiku, na asubuhi alinieleza nani aliyemshuku. Ule mwanya wa mchana ulikuwapo, nacho kipande kikawa rehema.

Tangu hapo sikubali mtu akiwadharau watu kwa kupenda vipande. Mfanyakazi anayetoka kazini jioni, akasimama ndani ya daladala muda wa saa mbili, akafika nyumbani penye watoto na maji ya kuteka, hana jioni nzima ya kuitoa. Kumwambia aketi saa tatu mbele ya kazi ya sanaa ni kumtaka mgonjwa abebe gunia. Sehemu fupi inamfaa, nayo inamheshimu kwa kiasi chake.

Lakini mazishi yalipopita, nikaona jambo lililonishughulisha zaidi. Nyumba ilitulia, usiku ulikuwa wetu tena, mrefu na usio na dawa za kugawa, na bado hakuna katika sisi aliyerudia filamu. Ugonjwa uliondoka pamoja na mgonjwa, dawa ikabaki. Tuliendelea kuishi kama watu wasio na hakika ya saa mbili zijazo, na ule mwanya wa mchana, ambao baba aliushika kwa lazima, tukauacha. Nadhani wengi wa watu wa zama hizi wako katika hali hiyo. Tumezoea kukatizwa hata tunapoachwa na amani, na mkono huenda wenyewe kwenye simu pale ambapo hakuna aliyeita.

Wanachuo wanahusika na neno hili kuliko wanavyodhani. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwenye akili nzuri, alikuja kuniomba udhuru kwa kuwa hakuisoma riwaya niliyoagiza. Alikuwa ameifungua, akaona kuwa ukurasa wa mwisho umeandikwa 312, akaifunga. Katika mazungumzo yetu ikabainika kuwa wiki ile ile alikuwa amesoma katika simu simulizi ya mapenzi iliyogawanywa kwa sehemu, nayo, kwa makadirio yetu wawili, ilikuwa na maneno mengi kuliko riwaya ile. Nilimwuliza tofauti iko wapi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, kitabu kilinionyesha urefu wake. Simulizi haikunionyesha." Kwa maneno machache alikuwa ameifikia kweli ambayo mimi nilizunguka sana kuitafuta. Sikumkaripia. Nilimwomba aisome riwaya kwa siku nane, asubuhi na jioni, lakini asiisahau ile namba 312. Aitazame kila anapofungua, kama msafiri anavyoutazama mlima anaouendea. Aliimaliza. Aliporudi alikuja kugombana nami juu ya sura ya kwanza, nami nikafurahi, kwa sababu hakuna awezaye kugombania sura ya kwanza ila aliyefika katika ya mwisho.

Sikusudii kusema kuwa filamu ni bora kuliko tamthilia. Ziko filamu ndefu zisizo na kitu ila urefu, na ziko tamthilia ambazo mtu hukua ndani yake kama mti, kwa kasi ambayo filamu haina muda nayo. Neno langu ni moja: wepesi wa kubugia vipande hautokani na udogo wa mzigo, bali na kufichwa kwa mzani. Na mzani unaofichwa katika burudani hufichwa pia katika mambo makubwa. Yako mambo yasiyokubali kukatwa: mazungumzo ya mzee anayeanza mbali kabla ya kufikia haja yake, hoja ya kitabu kigumu, kukaa na mgonjwa usiku ambao hautaki kucha. Ukiyakata, unabaki na vipande vya kitu kingine. Anayetaka kuyaweza hayana budi kuzoewa mahali fulani, na kiti cha mbele ya picha ndefu ni mahali pa kujifunzia pasipo na hatari.

Basi anayependa vipande na avipende, lakini avirudishie mwanya wake: sehemu moja, kisha usiku, kisha mazungumzo. Na mara kwa mara akipe kitu kizima jioni nzima, akijua bei yake kabla ya kuketi. Anayeukubali urefu wa safari kwa macho wazi yu huru hata akiishia njiani. Anayesogezwa hatua moja moja asiyoihesabu, hata akifika mbali, hawezi kusema kuwa alikwenda, alipelekwa.